Mlango Namba Moja

Baba yangu ni seremala, na kwa ubishi hana mpinzani. Kitongoji chetu, kilichobanwa nyuma ya mtaa mkubwa wenye lami, kina milango ya mbele hamsini na miwili, yote kazi ya mikono yake. Kila mlango aliupa namba kufuata nani alihamia kwanza, si kufuata mstari wa nyumba. Ndiyo maana namba saba imepakana na arobaini na moja, na mgeni anayetafuta namba nane huzunguka mpaka achoke. Sisi wenyewe hatupotei. Ukitaja namba yako, tunajua ulikuja lini na uliwakuta kina nani.

Ubavuni mwa kila mlango, pale panapofunikwa na bawaba, alichonga kwa patasi namba na mwaka.

Nyumba yake ya kwanza ilibomolewa na mvua. Alipojenga upya alikataa kuruka foleni, akajipa namba kumi na tisa. Ule mlango wa zamani akaufunga kwenye banda la kuku. Mara tatu nilimwambia tuupasue kuni.

"Hao kuku wanakaa namba moja," alinijibu. "Waheshimu."

Mwaka jana ikaja barua ya manispaa. Namba zetu hazieleweki, ilisema, na kitongoji kiliota baada ya mtaa mkubwa, hivyo kitamezwa na mtaa huo na jina lake litafutwa, isipokuwa tukithibitisha kwamba tulitangulia. Karatasi hatukuwa nazo. Niliingiwa na hofu.

Mpima ardhi alifika asubuhi, viatu vinang'aa.

"Mzee, mna hati yoyote?"

"Nina bisibisi."

Akampeleka bandani, akapiga magoti, akaanza kufungua skrubu. Niliponyoosha mkono kumsaidia alinikata jicho. Mlango ukatoka, kuku wakachomoka katikati ya vile viatu. Ubavuni palisomeka: 1, na mwaka. Mpima akafungua faili lake. Mtaa mkubwa ulijengwa miaka kumi na minne baadaye.

"Lakini mzee, hii unaweza kuwa umeichonga jana."

"Basi kaone namba mbili. Na tatu."

Kumbe majirani walishachungulia. Kufika saa sita, milango ilikuwa imeegemezwa ukutani kitongoji kizima, na mpima anatoka ubavu hadi ubavu, mwaka baada ya mwaka, huku kila mtu akimweleza kwa sauti ya juu alivyohamia. Mbao chini ya bawaba hazikuwahi kuguswa na rangi, na kutu ya skrubu ilikuwa imezama ndani. Mwishowe akacheka, akafunga faili. Nililia hadharani, wala sikuona aibu.

Jina limebaki, na namba zetu zimebaki vilevile. Orodha rasmi ilipoletwa, Baba alinipa niisome kwa sauti mbele ya majirani.

"Namba moja," nikasoma, "banda la kuku."

"Rudia."

Nikarudia.

"Na wewe ulitaka kuni."