Bima Imeniambia Mke Wangu ni Mjamzito

Leo asubuhi simu imeniambia mke wangu ni mjamzito.

Mimi niko Kiwangwa, navuna mananasi. Yeye yuko nyumbani Kigoma. Hatujaonana tangu Idi ya mwaka jana. Hesabu pigeni wenyewe.

Ujumbe ulitoka bima, ile ya familia ambayo ada yake inapanda kila mwaka na mimi najinyima nailipa. "Mwenza wako amehudumiwa kliniki ya wajawazito."

Wivu ukanipanda mpaka panga likaniponyoka. Nikampigia pale pale shambani, vibarua wote wanasikia.

"Mama Zubeda, hiyo mimba ya nani?"

"Mimba gani? Mimi hospitali sijakanyaga!"

Sikumwamini. Nikamtajia mpaka fundi aliyetuezekea bati.

Akakata simu.

Hamisi, tunayetoka naye mtaa mmoja, akanionyesha simu yake huku anacheka. Na yeye kaletewa ujumbe ule ule, kuhusu mama yake mzazi. Bibi mwenye vitukuu, jamani!

Tukawapigia bima.

"Poleni, kaka zangu," dada akasema. "Kuna kituo cha afya huko kwenu kinatumia majina ya wanachama kutudai malipo ya wagonjwa hewa. Tunakichunguza."

Haya, wachunguze, pesa zao zitarudi. Na mimi nani ananilipa?

Jioni hii nimempigia tena mke wangu. Kapokea mama mkwe, maana yake ameshahamia kwao.

"Shikamoo, mama."

"Hiyo shikamoo wapelekee bima."

Wenye ndoa, nishaurini nianzie wapi. Kucheka mtacheka baadaye.