Mguu wa Kuria

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya hospitali, hapa Thika, nilipewa nyama ya mtu niishike kwa koleo, nikaiangusha. Bwana Mkubwa wa maabara alicheka, akasema nitazoea. Nilizoea. Nilikuwa nimetoka magharibi kutafuta kazi ya kiwandani, nikajikuta nakata nyama kuliko mchinjaji.

Kazi ilitaka subira, ninyi vijana wa mashine. Kipande kilichotolewa kwa mgonjwa tulikilaza kwenye fomalini kisioze, tukakitia spiriti kuondoa maji, kisha tukakigandisha ndani ya nta. Hapo tulikata vipande vyembamba kama utando wa kitunguu, tukaviacha vielee kwenye maji vuguvugu, tukavinasa kwa slaidi, yaani kioo chembamba, na kuvitia rangi. Ndipo Daktari alipochungulia kwa hadubini na kusema kama ni saratani. Lebo niliiandika mimi, kwa penseli, maana spiriti hufuta wino.

Dresa wetu, yaani mfunga vidonda, Mzee Njoroge, alikuwa mtu mwema, ila ulimi wake haukuijua herufi "l". Asubuhi moja aliniletea chupa kutoka chumba cha upasuaji, akasema, "Ni mguu wa kuria." Nikaandika: Kuria. Na wodini alikuwemo Kuria kweli, mkata mkonge mwenye kidonda mguuni. Daktari akaona saratani kwenye slaidi. Ikaamuliwa mguu wa Kuria ukatwe kesho yake.

Nilimhurumia mno. Alikuwa na watoto wanne, na mkonge haukatwi kwa mguu mmoja. Nikaenda kumpa pole, nikamwuliza kama pale walipotoa nyama bado panauma.

"Nyama gani, daktari? Mimi sijaguswa na kisu."

Nikamkimbilia Mzee Njoroge, nikamwuliza ule ulikuwa mguu wa nani. Akajipiga paja la upande wa kulia. "Huu. Wa kuria." Mwenye mguu huo alikuwa mzee wa kitanda cha sita. Huyo ndiye aliyekatwa, maskini, na alipona.

Nilikiri kwa Bwana Mkubwa. Hakunifukuza. Kwa Kiswahili chake cha kilowezi alisema, "Wewe hapana andika sikio. Andika macho."

Nilipohamishiwa Ruiru nilikwenda na amri hiyo. Kila chupa niliifuata hadi kitandani kwa mwenyewe, na wenzangu wakanicheka miaka yote.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Kuria alikuja, kichwa kimejaa mvi. Nikamvutia kiti. Alikikataa. Akasema yeye atasimama.