Kidonge cha Alfajiri na Uji wa Mama

Nilipokuwa mgonjwa kweli, hakuna aliyenipa pole. Nilipewa hongera. Kila aliyeingia dukani kwangu Kariakoo, ninakouza khanga na vitenge, alinitazama kutoka utosini hadi kwenye ndala, akatabasamu na kutaka nimwambie siri. Mashavu yalikuwa yamejaa, mikono imejaa, na shingo imepata ile mikunjo ambayo kwetu sisi watu wa pwani huhesabiwa uzuri. Jirani yangu anayeuza mapazia alisema talaka imenikubali kuliko wengine walivyokubaliwa na ndoa. Nilicheka, maana mwanamke yule anajua kusema. Ila nilicheka nikiwa nimevaa sweta, mwezi wa pili, Dar es Salaam, wenzangu wakijipepea kwa vipande vya maboksi.

Baridi ile ilikuwa imekaa ndani ya mifupa. Usingizi ulinichukua nikiwa nimekaa kwenye kigoda, mteja ananiita mara ya pili na ya tatu. Nywele zilibaki kwenye kitana. Sauti ilikuwa nzito mpaka watu kwenye simu wakawa wananiita kaka. Nilikula kidogo kuliko hao walionisifu, na bado kila gauni nililopeleka kwa fundi lilirudi likiwa limeongezwa vipande ubavuni. Fundi naye alinipongeza.

Daktari aliyeugundua ugonjwa wangu ana chumba kidogo huko Posta. Alinitoa damu, na majibu yalipotoka akaniambia kwamba tezi ya shingoni imezembea kazi yake, na kwa hiyo mwili mzima umekuwa kama gari linalopandisha mlima kwa gia isiyo yake. Nitameza kidonge kimoja kidogo kila alfajiri, maisha yangu yote. Nikimeze tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha nikae karibu saa nzima kabla ya kutia kitu kinywani. Chai isubiri. Maziwa ndiyo yasisogee kabisa. Kidonge hiki kina wivu, alisema, hakitaki mwenzake tumboni.

Nilimtii. Nikaamka, nikameza, nikaswali, nikakaa na njaa yangu hadi jua lipande juu ya mabati ya Gerezani, ndipo nikachemsha chai. Nikapunguza wali wa jioni na kuacha soda. Jumapili nilitembea kwa miguu hadi Feri kununua samaki badala ya kupanda chochote. Haikuja haraka, lakini ilikuja: kwanza sweta lilivuliwa, kisha usingizi, kisha uso ukaanza kurudi kuwa uso wangu. Nilipojiona kwenye kioo siku moja nikamtambua yule niliyekuwa nimemsahau, nililia kwa furaha.

Hapo ndipo zilipoanza pole.

Kariakoo tunajuana. Mtu akipungua, na akionekana ana dawa ya kumeza saa ile ile kila siku, hakuna anayeuliza ni dawa ya nini. Watu wanashusha sauti tu. Wanakuongezea nyama kwenye sahani bila kuombwa. Jirani wa mapazia, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, alianza kunisalimia kwa upole, na upole wake uliniogopesha kuliko matusi. Nilimweleza habari ya tezi. Alitikisa kichwa kwa huruma, akaniambia siku hizi watu wanaishi nayo miaka mingi tu, cha muhimu ni kutokata tamaa. Nilikasirika, kisha nikapuuza. Ya watu nilikuwa naweza kuyabeba.

Ya mama sikuweza.

Mama alikuja kutoka Lindi kwa sababu ya moyo wake. Ulikuwa umepanuka, walimwambia huko, na ulikuwa unachoka. Nilimtengea kitanda chumbani kwangu, karibu na dirisha. Alfajiri ya kwanza, nikiwa nimetawadha, nikamimina maji kwenye bilauri, nikafungua kikopo changu cha dawa na kumeza. Nilipogeuka nilimkuta amekaa kitandani, ananitazama. Alinitazama mikono, kisha mifupa ya shingo, kisha kile kikopo. Aliendelea kukitazama hata nilipokwisha kukirudisha kabatini.

Inabidi nimtaje marehemu dada yangu hapa, maana bila yeye mambo haya hayaeleweki. Dada alikufa miaka mingi nyuma, kijana, amebaki ngozi. Mama ndiye aliyemuuguza. Walipouliza majirani, mama alijibu kwamba ni kifua. Sisi sote tulijibu hivyo, mpaka shangazi zetu, mpaka mtu aliyesoma dua. Dawa dada alikuwa nazo, lakini alikuwa akizitema. Alisema zinamchoma tumbo kwa kuwa hana kitu ndani. Tulipotandua godoro lake baada ya maziko tulizikuta zimefungwa kwenye pindo la khanga, zimeloa na kushikana. Mama alikaa chini pale pale, na hakuinuka hadi magharibi.

Sasa mwanawe wa pili alikuwa amepungua, anameza kidonge kwa kujificha alfajiri, na tumboni hana kitu.

Nilimweleza siku hiyo hiyo. Nilimwambia kwamba ni tezi, hapa shingoni. Alininyooshea mkono, akanipapasa koo polepole, upande huu na upande ule, kama anayetafuta embe lililoiva. Wa kwetu wanaijua tezi ya shingo: ni rovu, uvimbe unaoning'inia, kila mtu anauona sokoni. Mimi shingo yangu ilikuwa laini kabisa.

"Rovu liko wapi?" aliniuliza.

Nikamwambia si kila tezi inavimba. Alitikisa kichwa kwa heshima, kama anavyofanya mtu mzima anapodanganywa na mtoto anayempenda. Akasema sawa mwanangu, ni tezi. Akalisema neno lile kwa sauti ile ile aliyokuwa akisemea kifua.

Nikampeleka Posta akamsikie daktari mwenyewe. Daktari, Mungu ambariki, alimwamkia shikamoo, akamketisha, akamchorea shingo kwenye karatasi na kumweleza kwa Kiswahili cha kueleweka. Akamwambia pia kwamba kidonge hiki hakitaki chakula. Mama aliitikia kila kitu. Akamshukuru, akamwombea dua. Tukiwa tunashuka ngazi, nimemshika mkono kwa ajili ya moyo wake, alisimama kupumua akaniambia daktari yule ni mtu mwema sana, ametunza siri yangu kama mwanawe.

Kesho yake uji ulikuwa tayari kabla ya adhana. Ulikuwa uji wa mchele, umetiwa maziwa na korosho alizokuja nazo kutoka Lindi, amezitwanga mwenyewe kwenye kinu kidogo huku akisimama kupumzika kila mara. Kile kikopo hakikuwa tena kabatini. Alikuwa amekifunga kwenye pindo la khanga yake, pale wanawake wanapofunga fedha. Alinikabidhi bakuli.

"Kula kwanza," alisema. "Kisha meza, nikuone."

Nilibisha asubuhi hiyo, nikabisha na iliyofuata. Mara ya tatu alianza kulia, na alipolia midomo yake ilibadilika rangi, na pumzi ikawa inakatika. Nilikula uji.

Nilijaribu njia nyingine. Daktari alisema naweza kumeza jioni, muda mrefu baada ya chakula. Lakini mama alipoona alfajiri imepita bila kidonge alidhani nimeacha dawa, akashinda siku nzima bila kugusa chakula chake mwenyewe. Najua unachofikiri: ningejifanya nimemeza mbele yake, nikitie kwenye shavu, nikitoe chooni, kisha nikimeze kweli baadaye. Nilishakitia kwenye shavu siku moja. Nilikitoa nje nikakifunga kwenye pindo la khanga bila kufikiri, na nilipoona mkono wangu unachofanya, nikakifungua pale pale. Nikakirudisha mdomoni nikakimeza na mate.

Basi ikawa hivyo. Kila alfajiri uji, kisha kidonge, kisha mama anafunga pindo lake na kusema alhamdulillahi. Na uji ulikuwa mtamu, siwezi kuusingizia. Nilikuwa naula huku najua unazima dawa yangu, na bado nilikuwa nalamba kijiko.

Uzito ulirudi. Ulirudi kwanza usoni, kama ulivyoanza mara ya kwanza, kisha mikononi. Pale kona ya mtaa wetu kuna mzee, mkazi wa mbali, anayekaa na mizani kando ya njia, watu wanapanda wanajua kilo zao. Ijumaa mchana mama alikuwa ananishika mkono, tunakwenda hadi pale polepole, napanda. Mama hakujua kusoma. Alimwuliza mzee kama imepanda, na mzee akajibu imepanda, bi mkubwa. Mama alikuwa anafurahi mbele za watu, bila haya, anamshukuru mzee wa mizani kana kwamba ndiye aliyeniongezea. Wakawa marafiki. Wakati mwingine alimpelekea uji kwenye chupa.

Mtaani nako wakafurahi. Jirani wa mapazia alirudisha mdomo wake. Aliniambia amenimiss nilivyokuwa, sasa nimekuwa mtu tena. Nilikuwa nimevaa sweta.

Nilirudi kwa daktari nikiwa nakokota miguu. Majibu yalikuwa mabaya, na alikasirika kabla sijafungua mdomo. Nilimweleza kuhusu uji, dada, na pindo la khanga. Nikamwambia kwamba moyo wa mama haufiki mbali, yeye mwenyewe alimwona alivyohema. Aligeuzageuza kalamu. Mwishowe aliniongezea dozi, akaniambia nirudi upesi, na nisije nikajiua kwa heshima. Nilimwambia si heshima. Sikujua niite nini. Hata leo sijui.

Dozi ile ilisaidia kidogo, uji ukashinda kilichobaki. Nilikuwa nasahau majina ya wateja, nikaanza kusahau hata bei za vitenge vyangu. Lakini alasiri nilipofika nyumbani mama alikuwa ananitazama ninavyovua viatu, na uso wake ulikuwa na amani ambayo sikuwa nimeiona tangu dada alipoanza kuugua. Nilikuwa naenda kuoga na kulia huko, kwa uchovu na kwa kumpenda.

Moyo wake ulikataa kazi mwishoni mwa masika. Walimlaza. Miguu ilikuwa imevimba, na pumzi inamtoka kama anapanda ngazi ilhali amelala. Shangazi alikuwa upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine. Mchana wa mwisho alifungua macho, akanishika mkono juu ya kiwiko, akanifinya nyama pale kwa vidole vyake viwili, kama tunavyojaribu uzito wa kitenge kabla ya kununua.

"Mwone," alimwambia shangazi. "Huyu amebaki."

Akanigeukia. "Umepona, mwanangu?"

Ule unene aliokuwa ameushika ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Maneno yote ya daktari yalikuwa mdomoni mwangu, pamoja na mchoro wa shingo na kila kitu.

"Nimepona, mama," nilisema.

Alifumba macho. Mkono wake haukuniachia hadi wauguzi walipokuja kuutoa.

Walioosha maiti walinipa khanga yake. Kikopo kilikuwa bado kimo kwenye pindo, kimefungwa fundo lile lake gumu ambalo ilibidi nilifungue kwa meno.

Watu walijaa msibani, na wengi walinisifu kwamba pamoja na majonzi mwili wangu umesimama. Waliporudi makwao, nyumba ilirudi kuwa ya mtu mmoja, na hakukuwa na sababu tena ya kutomtii daktari. Alfajiri ya kwanza niliamka, nikamimina maji, nikameza kidonge juu ya tumbo tupu. Kisha nikakaa kungoja ile saa yake. Zamani niliiona ndefu kwa ajili ya njaa. Sasa ni saa ambayo sufuria haigongani na jiko, na kinu kiko kimya pembeni na chenga za korosho bado zimegandia ndani. Sijakiosha. Nalia hadi muda unapokwisha, kisha nachemsha chai, nakwenda dukani.

Dawa inafanya kazi. Sweta nimelikunja. Majina ya wateja yamerudi, sauti imerudi kuwa ya kike. Gauni nililovaa kwenye arobaini yake tayari linanipwaya, na pole zimeanza upya, mara hii zote zikiwekwa kwenye msiba, kwa hiyo naweza kuzipokea bila hasira.

Ijumaa iliyopita nilipita pale kona. Nilikuwa nimeikwepa njia hiyo tangu maziko. Mzee wa mizani aliponiona aliifuta kwa kitambaa, akanisogezea, na mimi nikapanda kwa mazoea. Aliinama kusoma. Alisoma tena.

"Imeshuka, dada," alisema kwa masikitiko. "Imeshuka sana. Halafu bi mkubwa simwoni siku hizi. Akijua hii atasononeka."

Nilishuka kwenye mizani, nikavaa ndala zangu.

"Basi usimwambie," nilimwambia.