Skrubu Nne Nilizozirudisha kwa Kubahatisha

Niliambiwa binti yangu amefukuzwa chuo, na kwamba mwezi mzima sasa anakaa kwenye kibanda cha fundi redio, anawachomelea watu nyaya.

Aliyeleta habari ni jirani yangu tunayemwita Kipaza. Huyo ukimnong'oneza saa tatu, saa nne mtaa wa pili wanakuuliza mwenyewe.

Nilimjibu kwa kicheko. Lakini neno lilishaingia kichwani, likakataa kutoka. Nikiosha vyombo, lipo. Nikikunja nguo, lipo.

Naomba niseme ukweli mapema, maana ndiyo sababu ya kuandika. Mimi niliishia shule ya msingi, mtanivumilia mkiona makosa. Ukweli ni kwamba uvumi ule chanzo chake ni mimi.

Binti yangu anasomea digrii ya matengenezo ya vifaa vya elektroniki. Siku aliyoniambia niliguna. Digrii nzima ya kufungua redio? Mjomba wake anatengeneza redio na hajui hata mlango wa chuo umeelekea wapi.

Basi kwenye kikundi chetu cha akina mama nikasema anasomea udaktari. Wakapiga makofi. Nikakaa nayo hivyo hivyo, miaka mitatu.

Sasa Kipaza kamwona "daktari" kibandani, bisibisi mkononi. Angefikiri nini?

Ningemuuliza mtoto tu. Dakika mbili zingetosha. Niliogopa jibu.

Jumanne asubuhi alitoka kwenda kuchapisha ripoti yake. Nikaingia chumbani kwake kutafuta ushahidi. Barua ya kufukuzwa, chochote.

Mezani palikuwa na mashine ya hospitali, ile ya kuonyesha mapigo ya moyo, tumbo wazi. Meza ile alishanikataza. Alisema, "Mama, chumba chote fagia utakavyo, ila meza hii hata vumbi lake ni langu." Tulicheka siku hiyo.

Kando ya mashine alitandaza karatasi kubwa. Kachora umbo la mashine, na juu ya kila alama kaweka skrubu yake.

Mimi sikuona mchoro. Niliona mali ya mtu, kaletewa aitengeneze, nikajua Kipaza kasema kweli. Nikanyanyua pembe moja ya karatasi nitafute jina la mwenye mali.

Skrubu nne zikabingirika.

Machoni pangu zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Nyeusi, ndogo kama punje za mchele. Nikaziokota, nikaziweka kwenye alama nne zilizobaki tupu, nikatoka na kufunga mlango taratibu.

Jioni tukiwa tunakula nikamchokoza kwa mbali, eti kuna watu wamemwona kibandani.

Akacheka. Kumbe ni mafunzo ya vitendo. Chuo chenyewe ndicho kilichowapeleka kwa mafundi, wiki nne, na fundi anawajazia fomu. Na mashine? Ilikuwa imekufa, hospitali ikakipa chuo, yeye kaifufua kwa miezi minne. Alhamisi anaiwasha mbele ya walimu watatu. Ikiwaka, kamaliza digrii.

"Kesho naifunga," alisema. "Karatasi yangu inanionyesha kila skrubu, hata nikifumba macho."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Tonge lilikuwa mdomoni. Nikalimeza, na maneno nikayameza nalo.

Alhamisi alirudi saa nane mchana, kaikumbatia mashine kama mtoto mgonjwa. Hakulia. Alisema ilitoa moshi.

Akaifungua mbele yangu, akachomoa skrubu mbili, akaniwekea kiganjani. Moja ilimzidi mwenzake kwa unene wa kucha tu. Ile ndefu ilikaa kwenye tundu la fupi, ikakitoboa kibao cha ndani wanachokiita bodi, umeme ukapita pasipo njia.

"Nimechanganya mwenyewe," akasema, ananitazama usoni. "Haraka zangu."

Nikasema pole, mwanangu.

Basi. Pole.

Akaambiwa arudie mwaka. Chakula akawa anakidonoa tu, bisibisi hataki kuiona. Kila nikipita mlangoni namkuta anaitazama mikono yake kana kwamba kaiazima. Na mimi nachota maji, nafagia uwanja, nasalimia watu, mwizi wa mwaka wa mtoto.

Wiki ya sita nikavaa, nikaenda chuoni kwa mwalimu wake bila kumwambia mtu.

Nilimweleza yote, mpaka ile habari ya udaktari. Yule mama alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Ungekuja ndani ya siku saba ningempa mashine nyingine," alisema. "Kanuni ipo. Kazi ikiharibiwa na mkono wa mtu mwingine, mwanafunzi anarudia mtihani, harudii mwaka. Nilimuuliza mara tatu kama kuna mtu aligusa. Akasema hakuna."

Nilirudi nyumbani. Nikamkuta uani anaanika nguo. Nikamwambia hapo hapo, kabla woga haujanikuta.

Hakushtuka. Aliendelea kubana shuka kwa vibanio.

"Nilijua, mama. Nyumba hii ina watu wawili."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, na kanuni anaijua.

"Walitaka aliyegusa aje aseme mwenyewe. Siku saba zote nilikuwa nakaa na wewe jikoni, nasubiri. Ningekutaja, ukakana mbele yao, tungeishije humu ndani? Mwaka naweza kuurudia."

Nikachukua shuka la pili, nikamsaidia kuanika.

Yupo darasani, anarudia. Kwenye kikundi nilishasimama nikasema anachosomea. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, na mzigo haukupungua hata kidogo.

Mama mwenzangu unayesoma, haya yaepuke:

Usiibadilishe jina kazi ya mwanao ili usifiwe.

Usipekue chumba kabla hujamuuliza mwenye chumba.

Usiguse meza ya fundi, hata kama fundi mwenyewe umemzaa. Ukigusa, usirudishe kitu kwa kubahatisha. Mwite.

Usiseme "pole" mahali pa kusema "ni mimi."

Usingoje siku ya nane.