Farasi wa Baba na Fataki za Diwali

Juzi nilikuwa Voi kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, na vijana wa siku hizi, unawajua, kwao harusi si harusi bila fataki. Zilipolipuka juu ya hoteli kila mtu alitoa simu. Mimi nilijikuta nimeinuka kwenye kiti namtafuta baba, na baba amekufa zamani. Wajukuu walinicheka wakidhani nyanya ameogopa. Sikuwa na nguvu ya kuwaeleza habari za farasi. Wewe nitakueleza, maana mimi na wewe tumetoka mbali.

Tuliishi kwenye shamba la mkonge, chini ya milima, ambako ukifungua mlango asubuhi unaona mistari ya mkonge mpaka macho yachoke. Baba alikuwa saisi, mtunza farasi wa meneja. Alirudi jioni ananuka jasho la farasi, na mama alimwekea maji ya kuoga hata kabla ya salamu. Tulikula kimanga, muhogo na maharagwe vimepondwa pamoja mpaka vikalainika, na baba akitafuna alitueleza nani leo amenuna, nani amemwuma mwenzake, nani hataki kuvaa tandiko. Ungedhani anasimulia watu wa ofisini.

Mwaka huo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, farasi jike mwekundu alikuwa na mimba, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Mama naye alikuwa na mimba mwaka huohuo, lakini yake iliharibika wakati wa jua kali. Nyumbani jambo hilo halikutajwa. Mama aliendelea kuteka maji, kufua na kupika, ila aliacha kabisa kupita karibu na banda la farasi, na baba akaacha kutusimulia habari zao wakati wa kula. Watoto huona hata wasipoambiwa.

Basi ikaja Diwali. Mwenye duka la shambani, mzee wa Kihindi aliyetuongezea peremende kila tulipotumwa sukari, alilipua fataki kila mwaka, na sisi watoto wa laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, tulizingoja kwa hamu. Lakini mwaka uliotangulia farasi mmoja alivunja mlango kwa hofu akakimbilia kwenye mkonge gizani. Ncha ya mkonge ni sindano. Asubuhi baba alimkuta amesimama peke yake, jicho moja limetoboka. Sasa hofu yake ilikuwa huyu mwekundu asije akashtuka, mimba ikatoka. Nilimsikia akimwambia jirani yetu, "Siwezi kuona na huyu naye anapoteza."

Jirani huyo alikuwa fundi wa mashine ya kuchuna mkonge, mtu wa kutoka upande wa Kakamega. Banda lilikuwa nyuma tu ya mashine, na farasi walizoea ngurumo yake mchana kutwa. Wakakubaliana kwamba jioni ya Diwali mashine isizimwe, ili kelele ya kila siku ifunike ile ngeni. Meneja akaruhusu. Baba akaenda na dukani pia. Yule mzee hangeweza kuwanyima watoto wake sikukuu, na nani angeweza? Lakini aliahidi kuanza mapema, amalize mapema, na zile kubwa azielekeze upande wa reli.

Mchana baba aliwatembeza farasi mpaka wakachoka vizuri. Alitundika magunia yaliyoloweshwa maji madirishani ili mwanga wa fataki usipenye, akawasha kandili ndani. Kazi yangu ilikuwa kubeba nyasi. Aliniambia nisikimbie, maana farasi huuona woga wa mtu kabla mwenyewe hajaujua. Aliwatia pamba masikioni. Yule mwekundu akatikisa kichwa mpaka yake ikadondoka. Kisha fataki zikaanza, na kwa ile ngurumo ya mashine tulizisikia kama mlango unaogongwa nyumba ya mbali. Farasi walitafuna tu. Baba akacheka, kitu ambacho sikuwa nimekiona siku nyingi.

Mara mashine ikanyamaza. Mkanda wake ulikuwa umekatika.

Kimya kile, jamani. Halafu ikapasuka moja ya zile kubwa. Farasi mwekundu akarusha kichwa juu, macho yamegeuka meupe, akaanza kupiga ukuta kwa mateke. Baba alimwekea mkono shingoni akimbembeleza kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita, lakini wapi. Mimi nikatoka mbio, nimesahau yote niliyoambiwa, nikaenda kumwambia mama.

Mama alinitazama, akafuta mikono. Akakumbatia kinu, mimi nikabeba mchi na kikapu cha mahindi, tukaenda kulekule alikokuwa hapiti. Akakiweka kinu nje ya ukuta wa yule farasi, akamimina mahindi, akaanza kutwanga. Ndipo nikaelewa. Kila jioni akina mama wa laini walitwanga mahindi, na farasi walikula chakula chao cha jioni wakisikia mlio huo. Mke wa fundi alimwona, akaja na kinu chake. Akaja mwingine, na mwingine. Walitwanga kwa kupokezana, ardhi ikitetemeka chini ya miguu yangu, na fataki zikawa zinapasuka katikati ya mlio huo. Nilichungulia pembeni mwa gunia. Farasi alikuwa ameshusha kichwa, anatafuna.

Fataki zikaisha, wengine wakapumzika. Mama aliendelea. Mahindi yalikuwa yameshakuwa unga, naye anatwanga tu, machozi yanamtiririka. Baba akatoka, akaushika mchi.

"Basi, mama watoto. Ametulia."

"Niache kwanza," mama akasema. "Mimi sijatulia."

Baba akauachia mchi.

Mtoto wa farasi alizaliwa salama, mvua za vuli zimeshaanza, miguu mirefu asiyojua aiweke wapi. Mama alikwenda kumwona, akakaa naye mpaka chakula kikaungua, na hakuna aliyelalamika. Leo hakuna kilichobaki pale. Mkonge ulipokosa soko farasi waliuzwa, laini zikabomolewa, na unga tunanunua kwenye pakiti. Siku hizi mwanamke akipoteza mimba huambiwa aende akazungumze na mtaalamu, nami sisemi ni vibaya. Ila jioni ile ya fataki hakuna aliyempa mama neno lolote la faraja. Mke wa fundi aliinua tu mchi wake tena, wenzake wakafuata, wakatwanga naye vinu visivyo na kitu cha kutwangwa, mpaka mama mwenyewe alipoweka wake chini.