Vitabu Vilivyomngoja Mheshimiwa

Wiki iliyopita niliingia kwenye hoteli moja hapa Voi, karibu na stendi, ninywe chai kabla sijaenda kwenye cherehani yangu. Runinga ya ukutani ilikuwa ikionyesha nyumbani kwa Mheshimiwa, yule wa kwetu Taita aliyefariki, na watu walikuwa wametulia, hata mpika chapati. Binti yake alikuwa akiulizwa baba yake alipenda nini maishani. Akasema vitabu. Nyumba ilijaa vitabu, alisema, lakini alivyovipenda kuliko vyote ni vitatu ambavyo vilimpotea ujanani: kimoja cha kufuga nyuki, kimoja cha wafalme wa zamani, na kimoja cha hadithi za wasafiri wa chumvi. Baadaye alivitafuta madukani akavinunua tena, vipya kabisa, akaviweka kando ya kitanda. Lakini kila akivishika alisema si vyenyewe.

Chai yangu ilipoa mbele yangu. Ungekuwapo, rafiki yangu, ningekugeukia nikuambie kwamba vitabu hivyo havikupotea, kwamba nimevianika juani kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini aliyeketi karibu yangu ni mzee nisiyemjua, alikuwa akila maharagwe yake, na mimi sijui kuanzisha mazungumzo. Nikalipa nikaondoka. Ndiyo maana nakuambia wewe.

Nililelewa na nyanya huko Werugha, juu, mahali ambapo ukungu huingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyepiga hodi. Mama alikuwa akifua mashuka katika hoteli ya watalii huku chini, akija kwetu mwisho wa mwezi, na miezi mingine haji. Baba simjui, sitakudanganya. Nyumbani tulikuwa nyanya, mimi na ng'ombe. Asubuhi nilikata majani ya ng'ombe yakiwa na umande mpaka vidole vikafa ganzi, nikapeleka maziwa barabarani, nikarudi kunawa miguu tu, nikaenda shule. Jioni tulikaa jikoni, macho yakiwasha kwa moshi, tukisubiri kimanga, ndizi na maharagwe zikipondwa pamoja kwa mwiko mzito. Mpaka leo mimi hupika kimanga, lakini kwa mtu mmoja hakipondeki vizuri.

Nilipokuwa mdogo sana, kabla ya kuanza shule, chumba chetu cha nje kilikuwa na mpangaji. Alikuwa mwalimu kijana wa shule ya pale juu, mwembamba, koti moja. Ndiye huyo Mheshimiwa. Namkumbuka amesimama mlangoni akiufuata mwanga wa mwisho wa jioni, kitabu karibu kabisa na pua, kikombe kimesahaulika kwenye jiwe. Nyanya alikuwa akimtania kutoka jikoni.

"Mwalimu, oa kitabu basi. Tuone kama kitakupikia."

"Kitanipikia nini, mama, na wewe upo?" alikuwa akijibu bila kuinua macho, na nyanya alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa amezika watoto wake wote wa kiume. Nadhani hakuna aliyemwita mama kwa sauti ya mwanamume tangu wakati huo.

Mwalimu alipoondoka kwenda kusoma zaidi, mzigo wake ulikuwa mzito na njia ya kushuka ilikuwa na matope. Akamwachia nyanya vile vitabu vitatu alivyovipenda zaidi, visije vikaloa. Alisema atavifuata. Nyanya alivipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto.

Sasa, ukijua Werugha utajua kwamba karatasi haikai kule. Ukungu huila, ikafanya manyoya ya kijani. Nyanya hakujua kusoma, ila alijua kutunza mbegu. Akafanya alivyofanya kwa mahindi ya kupanda: akavifunga kwa kitambaa, akavipandisha kwenye uchaga juu ya mafiga, moshi uvipitie kila siku. Jirani yetu, mama mmoja aliyependa utani, alimwambia anavikausha kama nyama. Nyanya akamjibu kwamba nyama huliwa, hivi havitaliwa na mtu wala mdudu. Na kweli havikuliwa. Vilibadilika rangi tu, kurasa zikawa kama chai ya maziwa, na ukifungua unapiga chafya.

Siku za jua, ambazo kule si nyingi, vilishushwa vikaanikwa kwenye gunia pamoja na maharagwe. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando kufukuza kuku na kugeuza kurasa zisigandane. Watoto wengine walikuwa na ndugu wa kucheza nao. Mimi nilikuwa na kurasa za kugeuza, na kwa kugeuza huko nikajua kusoma kabla ya wenzangu. Cha nyuki na cha wafalme vilikuwa vya Kiingereza, nikaangalia picha. Cha wasafiri wa chumvi kilikuwa cha Kiswahili, nacho nilimsomea nyanya akichambua maharagwe. Lakini hakuniruhusu kufika mwisho. Tukikaribia kurasa za mwisho alinifunga mdomo kwa kiganja. Alisema chakula cha mtu huonjwa, hakimalizwi. Mwisho tutamwachia mwenyewe. Basi tulirudi mwanzo, mara nyingi, wale wasafiri wakaanza safari upya na punda wao, na mimi sikujua kama walifika.

Miaka ikaenda. Mwalimu akawa mtu mkubwa. Tulimsikia redioni, kisha tukaona uso wake kwenye karatasi zilizobandikwa dukani, amenenepa. Nyanya alimsalimu kila alipopita pale. Watu walimwambia auze vile vitabu, au avipeleke kwa chifu vimfikie. Alikataa. Alisema kitu cha mtu hukabidhiwa mkononi. Lakini mimi niliyelala naye chumba kimoja nilijua si hilo tu. Alitaka aje. Alitaka aketi kwenye kigoda chake cha zamani, aitwe mwalimu, amwite mama. Vitabu vilikuwa ndiyo sababu pekee ya mtu mkubwa kama yule kupanda mpaka kwetu, na akivitoa, sababu imekwisha.

Nilikuwa darasa la saba gari lilipokuja. Akashuka kijana mwenye viatu vya kung'aa, akasema ametumwa na Mheshimiwa achukue vitabu vyake. Nyanya alitazama ndani ya gari kuona kama yuko mtu mwingine.

"Yeye yuko wapi?"

"Shosho, Mheshimiwa ako bize sana. Nipatie tu, nitamfikishia."

"Hukuniachia wewe. Mwambie aje mwenyewe. Mwambie nitapika kimanga."

Kijana alicheka kidogo, si kwa ubaya, akatazama viatu vyake vilivyoanza kuloa. Akajaribu tena, akasema hata atatoa kitu kidogo cha kushukuru. Hilo ndilo lililoharibu. Nyanya aliingia ndani akafunga mlango. Gari likageuka kwa shida kati ya migomba, likaondoka. Jioni ile alipika kimanga kingi kuliko mahitaji yetu, na keshoye tena. Baada ya wiki akaacha.

Sikuendelea sana na shule. Nilishuka Voi kujifunza ushonaji, nikabaki huku kwenye joto na vumbi jekundu, nikawa mimi sasa ndiye niendaye mwisho wa mwezi, na miezi mingine siendi. Kila nilipopanda, vitabu vilikuwa pale juu ya mafiga. Nyanya aliniuliza kama Voi huwa namwona Mheshimiwa akipita. Nilimwambia huwa naona magari tu.

Nyanya alifariki msimu wa mvua. Nilipata habari asubuhi, nikafika jioni nimeloa, nikakuta uwanja umejaa watu na sufuria kubwa ziko motoni. Jirani yule wa utani alinipa chai ya moto na kunikumbatia. Nilikunywa yote, nilikuwa na baridi. Ni baada ya mazishi nilipotazama juu ya mafiga nikaona kitambaa kitupu. Kuni zote zilikuwa mbichi kwa mvua, wapishi walinieleza, moto ulikataa kabisa kushika, na mmoja wao akaona karatasi kavu pale juu. Hakuna aliyejua. Wengi wao hawakuwa hata wa kijiji chetu. Sikumlaumu mtu, na hadi leo simlaumu. Walikuwa wakitupikia.

Basi baada ya kumwona yule binti kwenye runinga sikupata usingizi mzuri. Siku ya maziko nilifunga duka, nikapanda hadi Wusi, alikozaliwa Mheshimiwa. Umati ulikuwa mkubwa, wakubwa chini ya hema, sisi juani. Mwishowe tukapangwa foleni kuwapa mkono wafiwa. Nilipofika kwa binti nilikuwa nimeshasahau maneno niliyoyapanga njiani.

Nikamwambia tu kwamba vitabu vya baba yake havikupotea, kwamba nyanya yangu wa Werugha alivitunza.

Hakuuachia mkono wangu. "Wewe ni wa yule mama aliyekataa kuvitoa?"

"Hakukataa. Alitaka aje mwenyewe."

"Angekuja," alisema. "Aliambiwa mama amemfungia mlango. Akaona haya."

Tukatazamana. Yule kijana wa viatu hakusema uongo, maana mlango kweli ulifungwa. Ila la kimanga nadhani hakulisema, au alilisema likaonekana si kitu. Nyuma yangu watu walianza kusukuma.

"Viko wapi sasa?" akaniuliza.

Ningeweza kusema sijui. Nikamwambia ukweli, kwamba viliwashia moto wa chai siku ya msiba wa nyanya, mvua ilikuwa kubwa.

Kisha akaniuliza, polepole, kama chai ilitosha watu.

Nikamwambia ilitosha.

Akauachia mkono wangu, foleni ikasonga. Jioni niko Voi. Jiko la Werugha lilibomolewa zamani. Binamu yangu amejenga la mabati na anapikia gesi, na mahindi ya mbegu watu hununua dukani yakiwa yamepakwa dawa. Hayo sina ugomvi nayo. Ninalolikosa ni kuwa mahali fulani juu kule kulikuwa na mtu anayeangalia njia. Alikuwa akimngojea mwalimu wake, lakini aliyepita njia ile mwisho wa mwezi nilikuwa mimi, na kila mara alikuwa ameshaniona kabla sijafika kwenye migomba.