Ugoro wa Baba Mdogo Zefania

Juzi sokoni Same nilimwona mzee akimpaka mjukuu wake ugoro kwenye jino bovu. Nikawasogelea.

Hivyo hivyo alinifanyia baba mdogo Zefania mchana mmoja nikiwa mtoto, jino likiniuma, kule Bombo, nyuma ya banda la mbuzi. Kidole chake kilinuka beberu na tumbaku, akanisugua nacho ufizi.

"Usiteme! Mwanaume hatemi!"

Maumivu yakatulia, nami nikaamini ni dawa. Nikauweka ugoro mdomoni miaka yote, mpaka saratani ikaja, wakanikata nusu ya ulimi. Zefania ndiye aliyenianzisha, namtaja bila aibu.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia yule wa sokoni, nikapanua mdomo. "Dawa yako hii hapa, iangalie."

Mtoto ndiye aliyetema kwanza.